Jarida la Polityka la Poland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya anayetaka kulisoma, kulinunua, kulinukuu au kulitafiti jarida la Polityka: mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Warszawa, mwandishi wa habari wa Nairobi anayefuatilia siasa za Ulaya, au mtafiti wa historia ya magazeti.

Polityka ni jarida la aina gani?

Ni jarida la habari na maoni, la Kipolandi, linalotoka kila Jumatano. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 27 Februari 1957. Ofisi zake ziko mtaa wa Słupecka namba 6, Warszawa, na tangu 1994 mhariri mkuu ni Jerzy Baczyński. Hadi 1995 lilichapishwa kwenye karatasi pana kama gazeti la kila siku. Mwaka huo ndipo lilipogeuka kuwa jarida dogo la rangi kama lilivyo leo.

Ni la mrengo wa kushoto kweli?

Inategemea unalipimia kwenye suala gani. Kwenye uhusiano wa dini na serikali, haki za wanawake na za walio wachache, na Umoja wa Ulaya, liko kushoto ya kati bila kificho. Mahakama ya Katiba ilipobana zaidi sheria ya utoaji mimba tarehe 22 Oktoba 2020, Polityka lilisimama na wanawake waliojaza barabara.

Kwenye uchumi mambo ni mengine. Miaka ya 1990 liliunga mkono mageuzi ya soko huria yanayojulikana kwa jina la waziri wa fedha Leszek Balcerowicz. Ndiyo maana mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi huliona la kiliberali, na msomaji wa majarida ya Kikatoliki huliona la kushoto kabisa. Kila mmoja ana hoja, kwa sababu kila mmoja anasoma kurasa tofauti.

Ukitaka mrengo wa kushoto ulionyooka, tafuta Przegląd. Lilianza 1999 likiwa mrithi wa Przegląd Tygodniowy la 1982. Mhariri wake ni Jerzy Domański, na mchapishaji ni wakfu wa Oratio Recta. Hilo huwatetea wastaafu na wafanyakazi kwa nguvu zaidi, na huwakumbuka kwa huruma zaidi watu wa Poland ya kabla ya 1989, mwaka ambao utawala wa kikomunisti uliisha. Lipo pia NIE, lililoanzishwa na Jerzy Urban mwaka 1990, la dhihaka, matusi na vita visivyokoma dhidi ya maaskofu. Krytyka Polityczna, iliyoanza 2002, ni ya kizazi kipya zaidi cha kushoto, na leo kazi yake kubwa iko mtandaoni. Anayesema tu “jarida la kushoto la Poland” anaweza kuwa anazungumzia lolote kati ya hayo manne, kwa hiyo muulize jina kabla ya kubishana naye.

Lilianzishwaje, na kwa nini mwaka 1957?

Mwezi Oktoba 1956 Władysław Gomułka alirudi kuongoza chama cha kikomunisti, na nchi ikapumua baada ya miaka ya Stalin. Jarida lililobeba sauti ya wakati huo lilikuwa Po prostu, la vijana, lililozidi kuwatia viongozi wasiwasi. Chama kilihitaji jarida lenye akili ambalo lingekuwa pia na utii. Hilo ndilo Polityka. Po prostu lilifungwa Oktoba mwaka huohuo wa 1957, na wanafunzi wa Warszawa wakaingia mitaani kupinga. Kwa hiyo Polityka lilizaliwa kama kizuizi cha uhuru wa wenzake, na anayelipenda hana budi kulikubali hilo.

Kilichofuata hakikutarajiwa na walioliunda. Mhariri wa kwanza, Stefan Żółkiewski, hakukaa sana. Mwaka 1958 akaingia Mieczysław Rakowski, akakaa hadi 1982. Rakowski alikuwa mtu wa chama hadi ndani ya mifupa, lakini alikusanya waandishi hodari na kuwalinda: Hanna Krall, Daniel Passent, Ryszard Kapuściński, na Jerzy Urban yuleyule wa NIE. Waliandika juu ya viwanda visivyofanya kazi, vijiji vilivyosahauliwa na wakurugenzi wasiojua kazi, mambo ambayo magazeti ya kila siku yaliyapamba. Machi 1968, chama kilipoanzisha kampeni ya chuki dhidi ya Wayahudi na magazeti mengi yakaipigia ngoma, Polityka halikujiunga. Kwa jarida la chama, kunyamaza kule kulikuwa tendo.

Udhibiti wa habari ulifanyaje kazi, na nitautambuaje kwenye nakala za zamani?

Ofisi ya udhibiti ilikuwa mtaa wa Mysia, Warszawa. Kurasa zilizokwisha kupangwa zilipelekwa huko kabla ya kuchapwa. Mdhibiti angeweza kufuta neno, aya au makala nzima, na wahariri wakajaza pengo. Msomaji hakuona chochote.

Hapa ndipo watafiti wengi hujikwaa. Sheria ya tarehe 31 Julai 1981, iliyoanza kutumika Oktoba mwaka ule, ndiyo iliyoruhusu gazeti kuonyesha mahali palipokatwa. Ukifungua magazeti ya Poland ya miaka ya 1980 utakutana na mabano ya mraba yenye vistari ndani, na kando yake jina la sheria hiyo na namba ya kifungu. Utaziona kwa wingi zaidi kwenye Tygodnik Powszechny, jarida la Kikatoliki la Kraków. Lakini kukosekana kwa alama hizo katika toleo la 1965 au 1974 hakumaanishi kwamba mdhibiti hakugusa kitu. Kunamaanisha tu kwamba hakuna aliyeruhusiwa kukuambia. Na hata baada ya 1981, wahariri wengi walijikata wenyewe kabla ya kupeleka kurasa Mysia. Udhibiti ulifutwa kwa sheria mwaka 1990.

Desemba 1981 kulitokea nini ndani ya jarida?

Tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza utawala wa kijeshi na karibu magazeti yote yakasimamishwa. Rakowski wakati huo alikuwa tayari naibu waziri mkuu. Polityka lilipopewa ruhusa ya kurudi Februari 1982, kila mwandishi alilazimika kuchagua: kurudi mezani au kuondoka. Baadhi ya majina makubwa yaliondoka, wakiwemo Hanna Krall na Dariusz Fikus, ambaye baada ya 1989 aliongoza gazeti la Rzeczpospolita. Wengine, kama Passent, walibaki. Uhariri ukashikwa na Jan Bijak, aliyeliongoza hadi 1994.

Hoja za pande zote mbili bado zinasikika Poland. Waliobaki walisema jarida likifa hakuna atakayelifufua, na wasomaji wake wangeachiwa propaganda tupu. Walioondoka walisema kuna saa ambayo kuchapisha kwenyewe ni kuunga mkono. Sisi tunaona ukisoma matoleo ya 1982 na 1983 bila kujua nani alikuwa ameondoka, utayasoma nusu.

Nani analimiliki sasa?

Kampuni kubwa ya serikali iliyomiliki magazeti, RSW, ilivunjwa mwaka 1990. Waandishi wa Polityka waliunda ushirika wao na kulichukua jarida. Baadaye ushirika ukageuzwa kampuni, lakini umiliki haukwenda kwa tajiri wa nje. Jambo hili ndilo la kulishika kuliko yote hapa. Washindani wake wamepitia mikono ya makampuni ya Ujerumani na Uswisi au ya wafanyabiashara wa ndani, na kila mkono mpya ulipoingia, wahariri walibadilika na mwelekeo ukapinda. Polityka limekuwa na mhariri mmoja kwa zaidi ya miaka 30. Upungufu wa mpango huu upo pia: damu mpya huingia polepole, na sauti za kizazi cha 1989 hutawala.

Baada ya 1989, serikali imewahi kulibana?

Kwa mdhibiti wa Mysia, hapana. Kwa mfuko, ndiyo. Kati ya 2015 na 2023, chini ya chama cha kihafidhina cha PiS (Sheria na Haki), makampuni ya serikali kama ya mafuta, umeme, bima na benki yalihamisha matangazo yao kutoka magazeti yaliyoikosoa serikali kwenda yaliyoiunga mkono, hata pale ambapo magazeti hayo yaliuza nakala chache zaidi. Profesa Tadeusz Kowalski wa Chuo Kikuu cha Warszawa alifuatilia mgawanyo huo mwaka hadi mwaka, na Polityka lilikuwa miongoni mwa waliopoteza. Kampuni ya mafuta ya Orlen ilichukua pia udhibiti wa Ruch, mtandao wa vibanda vya magazeti, na magazeti ya mikoani ya Polska Press. Tarehe 10 Februari 2021 vyombo binafsi vilizima kurasa na matangazo yao kwa siku nzima kupinga pendekezo la kodi ya matangazo.

Jarida lililotegemea wasomaji kuliko watangazaji ndilo lililokuwa na pumzi. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Polityka liliuza kwa wastani nakala zinazokaribia 100,000 kwa wiki, na lilikuwa miongoni mwa yaliyouza zaidi kati ya majarida ya maoni.

Limepangwaje? Nianzie wapi?

Mbele kuna habari fupi za wiki, kisha siasa za ndani, jamii, soko, dunia, historia, sayansi na utamaduni, na mwisho kabisa waandishi wa safu. Wageni wengi huanza na siasa za ndani na kukata tamaa ukurasa wa pili, kwa sababu makala hizo zinadhani unamjua kila mbunge. Anza na kurasa za jamii au ripoti ndefu ya kutoka mji mdogo. Humo kila kitu kinaelezwa: nani anaishi wapi, analipwa kiasi gani, daktari yuko umbali gani, padri alisema nini. Ripoti ya namna hiyo ndiyo fani ambayo Wapolandi wanaimudu kuliko mataifa mengi, na Polityka ni mojawapo ya nyumba zake.

Safu za mwisho ziache hadi uwe na msingi. Ni za kejeli, na kejeli iliyoeleweka vibaya huonekana kama msimamo halisi wa mwandishi.

Pembeni ya jarida lenyewe kuna matoleo maalumu, na kwa mgeni huenda yakawa na faida kubwa zaidi. Pomocnik Historyczny huchukua mada moja ya historia na kuichimba toleo zima. Niezbędnik Inteligenta ni la mawazo na sayansi. Ja My Oni ni la saikolojia. Hayazeeki baada ya wiki.

Mahojiano yake niyasomeje?

Kwa kujua kwamba aliyehojiwa ameyaona kabla yako. Sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 26 Januari 1984, ambayo bado inatumika, inampa mtu aliyenukuliwa neno kwa neno haki ya kudai aoneshwe nukuu kabla haijachapishwa. Kwa miaka mingi hapakuwa na ukomo wa muda, na wanasiasa walikaa na maandishi wakiyapaka rangi upya. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Wizerkaniuk, iliona kwamba kumwadhibu mhariri kwa kuchapisha bila idhini hiyo kulikiuka uhuru wa kujieleza. Mabadiliko ya 2017 yakaweka saa: saa 6 kwa magazeti ya kila siku, saa 24 kwa majarida. Muda ukipita bila jibu, nukuu huhesabiwa kuwa imekubaliwa.

Ndiyo maana wanasiasa wa Poland kwenye maandishi huongea sentensi zilizonyooka namna ile. Ukitaka kujua walivyosema hasa, tafuta redio.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na jina lake ni Ryszard Kapuściński. Akiwa mwandishi wa Polityka alikwenda Ghana, kisha mapema mwaka 1961 akaingia Kongo kupitia Sudan hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, wakati habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipokuwa zikitangazwa. Akitoka huko alizuiliwa Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura. Ripoti hizo zilitoka kwa mfululizo kwenye Polityka, na kwa wasomaji wengi wa Poland ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusoma juu ya Afrika kutoka kwa Mpolandi aliyekuwa hapo.

Mwaka 1962 aliondoka na kuwa mwandishi wa shirika la habari la Poland, PAP, akiwa na makao Dar es Salaam. Kazi yake maarufu juu ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 ni ya kipindi hicho cha PAP, kwa hiyo usiitafute kwenye Polityka.

Ukimtumia kama chanzo, kagua kila jambo. Wasifu wake ulioandikwa na Artur Domosławski mwaka 2010 ulionyesha kwamba alichanganya aliyoyaona na aliyoyabuni. Kwa mtafiti wa Tanzania, Burundi au Kongo, thamani yake iko zaidi katika jinsi Poland ilivyoitazama Afrika. Tarehe na hesabu zitafute kwingine.

Nikiwa Poland nitalipata wapi?

Vibanda vya magazeti vya stesheni za treni, maduka ya vitabu ya Empik, vituo vya mafuta na maduka makubwa ya chakula. Usichelewe: likitoka toleo jipya Jumatano, la zamani hurudishwa kwa msambazaji na muuzaji hana tena. Mwisho wa mwaka hutoka toleo la pamoja la wiki mbili, kwa hiyo usidhani limekosekana.

Na nikiwa nje ya Poland?

Nunua la kidijitali kupitia polityka.pl. La karatasi kwa posta huchelewa, na gharama ya kulituma hupita bei ya jarida lenyewe. Wakati wa kulipa, ukurasa hukuwekea mbele njia wanazotumia Wapolandi, hasa BLIK, mfumo wa kulipa kwa simu. Ruka hiyo: inahitaji akaunti ya benki ya Poland, kwa sababu benki ndiyo hutoa namba ya tarakimu 6 inayokufa baada ya dakika 2. Chagua kadi ya benki. Kabla ya kubonyeza, angalia kama malipo yanajirudia yenyewe kila mwezi na bei ya mwezi wa pili ni ipi. Ofa ya mwezi wa kwanza huwa ya chini sana. Ukitaka toleo moja tu, maduka ya magazeti ya kidijitali ya Poland, kama e-Kiosk, huuza moja moja.

Sijui Kipolandi. Tafsiri ya mashine inatosha?

Kwa habari, inatosha kiasi. Kwa safu za maoni, haitoshi. Matatizo yanayojirudia ni haya.

Vifupisho huachwa vilivyo. KRS inaweza kuwa baraza la taifa la majaji, lililokuwa kiini cha mgogoro wa mahakama, au daftari la usajili wa makampuni. TK ni Mahakama ya Katiba, SN ni Mahakama ya Juu, NFZ ni mfuko wa afya, ZUS ni hifadhi ya jamii. Andika orodha yako pembeni, baada ya matoleo matatu utakuwa unavijua.

Jinsia hupotea. Kitenzi cha Kipolandi cha wakati uliopita huonyesha kama mtendaji ni mwanamke au mwanamume, Kiswahili hakionyeshi. Ripoti yenye watu watano wasiotajwa majina hugeuka fujo la “alisema”. Hapo rudi kwenye maandishi ya asili: kitenzi kinachoishia na -ła ni cha mwanamke, -ł ni cha mwanamume.

Mashine nyingi hupitia lugha ya tatu kabla ya kufika Kiswahili, na kosa la kwanza huzaa la pili. Ukipata sentensi isiyo na maana, itafsiri kwenda lugha nyingine unayoijua, kisha linganisha.

Natafuta makala ya zamani lakini sipati kitu. Kwa nini?

Mara nyingi ni majina. Jina la mtu kwa Kipolandi hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi: Tusk huwa Tuska, Tuskowi, Tuskiem; Kaczyński huwa Kaczyńskiego. Hata jina la jarida hubadilika: w Polityce, z Polityki. Tafuta kwa shina la neno, au jaribu maumbo matatu. Kosa la pili ni herufi. Herufi ł si l, na baadhi ya hifadhi za kumbukumbu huzichukua kama herufi mbili tofauti.

Kwa matoleo ya karatasi, Maktaba ya Taifa ya Warszawa, barabara ya Niepodległości namba 213, hupokea kwa sheria nakala ya kila chapisho. Kurasa za kabla ya 1995 ni pana kuliko skana ya kawaida, na karatasi imeshakuwa ya njano. Kama kanuni za chumba cha kusomea zinaruhusu, piga picha karibu na dirisha bila mwanga wa kamera.

Unaponukuu, andika mwandishi, kichwa cha makala, namba ya toleo katika mwaka, na tarehe. Kwenye jalada kuna namba mbili: ya kwanza ni ya mwaka huo, ile iliyo kwenye mabano ni hesabu tangu 1957. Watu huzibadilisha, na msomaji anayefuata nyayo zako hupotea.

Naruhusiwa kutafsiri makala kwa Kiswahili na kuichapisha?

Kutafsiri kwa matumizi yako, ndiyo. Kuchapisha, hapana, hadi upate idhini ya maandishi ya mwenye haki, hata kama hulipwi. Kunukuu kipande katika kazi yako mwenyewe kunaruhusiwa na kifungu cha 29 cha sheria ya hakimiliki ya Poland ya tarehe 4 Februari 1994, mradi umtaje mwandishi na chanzo, na nukuu iwe na sababu: kueleza, kuchambua, kukosoa au kufundisha. Ukiomba idhini, taja makala, tarehe, mahali utakapoichapisha na kwa muda gani. Ombi lisilo na mambo hayo huzunguka ofisini bila jibu.

Jarida limeandika jambo lisilo kweli juu yangu au taasisi yangu. Nifanyeje?

Sheria ileile ya 1984, kifungu cha 31a, inakupa siku 21 tangu siku ya kuchapishwa. Andika sahihisho la jambo lenyewe, si malalamiko: lipi limeandikwa, lipi ndilo sahihi. Lisizidi mara mbili ya urefu wa kipande unachokisahihisha. Liwe kwa Kipolandi au lugha iliyotumiwa kwenye makala, likiwa na sahihi ya mkono, jina na anwani. Mpelekee mhariri mkuu, kwa mkono au kwa barua ya rejista, na tunza risiti ya posta.

Mengi hukataliwa kwa sababu ndogo: sahihi imekosekana, maandishi yamezidi urefu, au mtu amepinga maoni ya mwandishi badala ya habari. Mhariri akikataa, anapaswa kukueleza sababu kwa maandishi. Unaweza kwenda mahakamani ndani ya mwaka 1 tangu makala ilipochapishwa, na mshtakiwa wako ni mhariri mkuu. Mwandishi wa makala siye unayemshtaki kwa suala hili.

Tuzo zake zina uzito?

Zina, hasa mbili. Tuzo ya vitabu vya historia hutolewa tangu 1959. Paszporty Polityki, tangu 1993, huenda kwa wasanii ambao bado wanapanda. Olga Tokarczuk aliipata kwa mwaka 1996, miaka 22 kabla ya Nobeli yake ya mwaka 2018. Orodha ya walioteuliwa ni njia ya haraka ya kujua nani wa kufuatilia katika fasihi, filamu, muziki na tamthilia za Poland.

Nisome nini sambamba nalo?

Tygodnik Powszechny kwa Ukatoliki ulio wazi, Przegląd kwa mrengo wa kushoto wenyewe, na moja kati ya Do Rzeczy na Sieci kwa upande wa kulia. Chukua tukio moja, kwa mfano hukumu ya mahakama, na usome makala tatu za wiki hiyohiyo. Angalia kwanza nani amehojiwa na nani hakuulizwa.